Kompyuta Mpya, Diski ya Zamani: Usikubali Ifutwe Upesi



Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa nyumbani, au fundi wa mtaani, akiunda kompyuta mezani kwa vipuri alivyonunua kimoja kimoja. Mara nyingi sababu ni kwamba ile ya zamani imekufa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na tangu siku hiyo haikuwaka tena. Basi hununuliwa sanduku jipya, ubao mkuu mpya ambao mafundi huuita madabodi, prosesa mpya na ramu mpya. Ili kupunguza gharama, diski ngumu ya ile ya zamani hufunguliwa na kufungwa ndani ya hii mpya.

Hapo ndipo shida huanza. Kompyuta inabonyezwa, feni zinazunguka, lakini kioo ni cheusi. Au kioo kinawaka, kisha yanatokea maandishi meupe na kila kitu kinasimama. Baada ya nusu saa fundi anasema, "Mama, diski hii ina matatizo. Tuifomati tu tuweke Windows upya."

Neno hilo dogo, kufomati, maana yake ni kuifuta diski na kuiandaa kama mpya. Ndani ya diski hiyo ndimo zilimo picha za ubatizo wa watoto, picha za baba aliyekwisha kuzikwa, hesabu za duka, na daftari la mikopo la kikundi chenu cha akina mama. Madabodi iliyoungua huuzwa dukani. Picha ya marehemu haiuzwi. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze jinsi ya kutafuta ugonjwa wa kompyuta ya namna hii kwa utaratibu, ili usiombwe kuamua jambo kubwa bila kulijua.

Pima kwanza, dawa baadaye

Mgonjwa akiletwa zahanati, muuguzi haanzi na sindano. Huuliza na kupima, tena kwa mpango: Je, anapumua? Moyo unapiga? Ana fahamu? Kompyuta nayo ipimwe hivyo hivyo. Yako maswali manne, na yafuatane:

1. Je, umeme unafika?
2. Je, kioo kinaonyesha chochote?
3. Je, kompyuta inaiona diski?
4. Je, diski inaweza kuiwasha kompyuta?

Fundi anayeruka swali la kwanza mpaka la tatu na kuhukumu kwamba tatizo ni diski, amewaandikia dawa bila kupima. Feni kuzunguka na kioo kuwa cheusi, kwa kawaida si kosa la yale yaliyoandikwa ndani ya diski. Kompyuta nzima huweza kuonyesha picha kwenye kioo hata kama haina diski kabisa.

Kipimo cha kwanza: ondoa diski

Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha chomoa nyaya mbili za diski ya zamani: ule wa umeme na ule wa data. Sasa iwashe tena.

Ikiwa mwanzoni kompyuta haikuwaka kabisa, na sasa inawaka, basi diski yenyewe ina hitilafu ya umeme. Huenda mshituko ule ulioua kompyuta ya kwanza uliunguza kipuri kidogo kwenye ubao wa diski, na sasa kinafanya shoti. Usiirudishe. Diski ya namna hiyo ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data, kwa maana mara nyingi yaliyomo yangali salama ingawa ubao wake umeungua.

Ikiwa bila diski kioo bado ni cheusi, diski haina hatia. Tafuta kwingine, na fundi aangalie haya:

Plagi za umeme kwenye madabodi. Iko kubwa ya pini 24, na iko ndogo ya pini 4 au 8 kwa ajili ya prosesa, ambayo huwa pembeni juu. Hiyo ndogo ikisahauliwa, feni huzunguka lakini hakuna kinachoendelea.

Ramu. Itolewe na kurudishwa mpaka vishikio vyake vilie "tak". Ramu isiyoingia sawasawa ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za kompyuta mpya kukataa kuwaka. Kama ziko mbili, ijaribiwe moja moja.

Waya wa kioo. Kama kompyuta ina kadi ya picha, waya wa kioo uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye madabodi. Ziko prosesa ambazo hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe, na hizo hazitaonyesha kitu bila kadi.

Vijiguu vya madabodi. Ubao huo haukai moja kwa moja juu ya bati la sanduku. Husimama juu ya vijiguu vidogo vya shaba. Vikikosekana, au kimoja kikiwa mahali pasipo na tundu, ubao hupiga shoti.

Madabodi nyingi za sasa zina taa ndogo nne, za prosesa, ramu, picha na diski. Taa inayobaki ikiwaka huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta.

Onyo kuhusu nyaya na umeme

Hapa naomba uwe mkali kidogo. Kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kisifunguliwe nyumbani. Hata kikichomolewa ukutani, vipo vipuri ndani yake vinavyoshika umeme kwa muda na vinaweza kumdhuru mtu.

Tena, baadhi ya pawa saplai huwa na nyaya zinazochomoka pande zote mbili. Usimruhusu mtu kutumia nyaya za pawa saplai ya zamani kwenye pawa saplai mpya ya aina nyingine, hata kama plagi inaingia vizuri. Upande wa diski hufanana, lakini upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hutofautiana. Diski nzima kabisa huweza kuunguzwa kwa kosa hilo moja, kwa sekunde moja.

Kabla ya kugusa vipuri, mwenye kufanya kazi aguse kwanza chuma cha sanduku kisichopakwa rangi, ili umeme tuli wa mwilini uondoke.

Je, kompyuta inaiona diski?

Sasa kioo kinawaka. Rudisha diski, na kompyuta ikiwa inaanza, fundi abonyeze kitufe cha Delete au F2 ili kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule uitwao baiosi au, kwa kompyuta mpya, UEFI. Humo iko orodha ya diski zilizochomekwa. Muulize fundi akuonyeshe kwa kidole jina la diski yako.

Kama halimo, zipo sababu kadhaa ambazo si kifo cha diski. Waya wa data ubadilishwe. Tundu la data libadilishwe pia, kwa sababu kwenye madabodi nyingine, ukichomeka diski ndogo ya kisasa aina ya M.2, baadhi ya matundu ya SATA hufungwa. Kitabu cha madabodi hueleza ni tundu lipi.

Ikiwa diski ni ya zamani sana, iangalie mgongoni. Diski za SATA, zilizoanza kuuzwa mwaka 2003, zina midomo miwili bapa: ya data yenye pini 7 na ya umeme yenye pini 15. Zile za kabla yake, za IDE, zina safu mbili za pini zipatazo 40 na hutumia waya mpana kama utepe. Madabodi mpya hazina tundu la IDE. Hapo hakuna lililoharibika. Kinahitajika kiunganishi cha kuichomeka kwa USB. Kumbuka kwamba diski kubwa ya kompyuta ya mezani huhitaji kiunganishi chenye umeme wake, maana umeme wa USB peke yake hauitoshi. Ile ndogo ya kompyuta ya mkononi hutosheka na USB.

Halafu sikiliza. Ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Mlio laini wa kuzunguka ni wa kawaida. Mlio wa "tak, tak, tak" usiokoma ni dalili ya hatari, kama mgonjwa anayetweta. Zima mara moja. Kila dakika inayoongezwa inaweza kukwaruza sahani zaidi. Usiipige, usiifungue, usiiweke kwenye friza kama wengine wanavyoshauri.

Inaonekana, lakini haiwashi

Hapa ndipo watu wengi hukubali diski ifutwe, na ndipo mara nyingi hapakuwa na haja. Diski inaonekana kwenye orodha, lakini kompyuta inasema hakuna kifaa cha kuwashia, au inatokea skrini ya buluu. Sababu za kawaida ni hizi.

Ya kwanza ni lugha ya kuwasha. Kompyuta za zamani ziliwaka kwa njia ya baiosi, na diski zake ziligawanywa kwa mpango uitwao MBR. Kompyuta mpya huwaka kwa UEFI na hutarajia mpango uitwao GPT. Ni kama kumpa msomaji kitabu kizuri kwa hati asiyoijua. Madabodi nyingine zina kipengele cha CSM kinachoruhusu njia ya zamani. Kikiwashwa, diski huweza kuwaka. Nyingine hazina tena. Upo uwezo ndani ya Windows, tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, wa kubadili MBR kuwa GPT bila kufuta mafaili. Hata hivyo usifanywe kabla ya kuwa na nakala.

Ya pili ni mpangilio wa SATA. Windows iliyowekwa chini ya mpangilio mmoja hukataa kuwaka chini ya mwingine, na maandishi INACCESSIBLE BOOT DEVICE hutokea kwenye skrini ya buluu. Fundi ajaribu kubadili kati ya AHCI na mipangilio mingine kwenye baiosi. Hilo ni jambo la dakika tano.

Ya tatu ni umri wa Windows yenyewe. Windows 10 mara nyingi huhamia kwenye madabodi mpya na kujitafutia draiva. Windows XP na Windows 7 hazikuwekewa draiva za vipuri vya sasa. Windows 7 hata kibodi na kipanya huweza kukataa, kwa kuwa haikuja na draiva za USB 3. Tena, msaada wa usalama wa XP ulikoma Aprili 2014, na wa Windows 7 ulikoma Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo hata ikiwaka, haifai kuendelea nayo kwa shughuli za benki na barua.

Ya nne ni kufuli. Baadhi ya diski zimefungwa kwa BitLocker, na ufunguo umehifadhiwa ndani ya madabodi ya zamani. Ukiihamisha, kompyuta mpya itaomba namba ndefu yenye tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeianzisha kompyuta. Je, ni wewe, ni mumeo, au ni kijana aliyehama nyumba? Itafute kabla ya mtu yeyote kufuta kitu. Ikipatikana, iandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Baba na mama wote wajue ilipo.

Nakala kwanza

Mama mmoja ninayemfahamu ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake. Kijana wake aliunda kompyuta na kufunga diski ya zamani, ikakataa kuwaka. Fundi akataka kuifomati. Mama huyo hakujua lolote la baiosi, lakini alisema, "Mwanangu, kabla hujafuta, nitolee kwanza daftari la kikundi na picha za baba yangu. Ukishanionyesha zimefunguka, fanya upendavyo."

Fundi alipopima, akakuta diski imeanza kuzeeka na sehemu nyingine hazisomeki. Kunakili kulichukua usiku mzima. Daftari la kikundi lilitoka lote, nalo lilikuwa na mikopo ya wanachama ambayo baadhi haikuwa imeandikwa mahali pengine. Picha nyingi zilitoka pia. Za mwaka mmoja hazikufunguka, na hazijafunguka hata leo. Kama angekubali kufomati, vyote vingekwenda pamoja, na yeye ndiye angesimama mbele ya wenzake kueleza fedha zao ziko kwa nani.

Basi utaratibu ulio salama ni huu:

Nunua diski mpya kwa ajili ya Windows, hata kama ni SSD ndogo. Hii ndiyo itakayoiwasha kompyuta. Ni ya haraka zaidi, na haimtegemei mzee aliyechoka.

Wakati wa kuweka Windows, diski ya zamani iwe imechomolewa kabisa. Kisakinishi huonyesha diski zote zilizopo, na mkono ukikosea hufutwa isiyo yake. Pia huweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye diski ya zamani bila mtu kujua, na siku ukiitoa kompyuta haiwaki.

Windows ikishakaa, chomeka diski ya zamani kama diski ya pili, au kwa USB. Ikitokea skrini inasema diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, au ianzishwe upya, bonyeza Cancel. Usikubali. Ikiwa inaonekana lakini haina herufi, fundi anaweza kuipa herufi bila kugusa yaliyomo. Ikisema huna ruhusa ya kufungua folda yako ya zamani, hilo ni la kawaida. Mwenye mamlaka ya kompyuta hubonyeza Continue na kusubiri.

Fundi asome hali ya afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Kama hali ni mbaya, asiendeshe kwanza programu ya kurekebisha makosa ya diski. Kazi hiyo huichosha, na mgonjwa mahututi hapelekwi kufanya mazoezi. Anakili kwanza, akianza na vile visivyoweza kupatikana tena: picha, hesabu, barua. Filamu na muziki vingoje.

Ikiwa huna fedha ya diski mpya bado, iko njia nyingine. Ubuntu, mfumo wa bure, huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na mafaili yakanakiliwa kwenye diski ya nje.

Baada ya kunakili

Usiridhike na kuona majina ya mafaili. Fungua picha kumi za miaka tofauti. Fungua daftari na uangalie ukurasa wa mwisho. Kisha tengeneza nakala ya pili na kuiweka nje ya nyumba yako, kwa dada yako au mahali pengine pa kuaminika, kwa kuwa moto na mwizi havichagui. Nakala moja ndani ya kompyuta moja si akiba.

Diski ya zamani iandikwe jina na tarehe, ikae kabatini miezi michache mpaka uhakikishe hakuna kilichosahaulika. Usiiuze wala kuigawa hivi hivi. Kufomati kwa haraka hakuondoi yaliyomo. Mwenye ujuzi huweza kuyarudisha. Picha za watoto wako na majina ya wadeni wa kikundi si vitu vya kuzungukazunguka sokoni. Diski nzima ifutwe kwa kuandikwa upya mwanzo hadi mwisho; iliyokufa ivunjwe.

Na ile iliyoiua kompyuta ya kwanza, yaani umeme unaopanda na kushuka, bado ipo ukutani. Kabla ya kununua spika au kamera, nunua kifaa cha kulinda umeme, na ukiweza UPS.

Maswali ya kumwuliza fundi

Yakate haya na uyabandike ukutani karibu na kompyuta:

Je, umejaribu kuwasha bila diski?
Je, diski inaonekana kwenye baiosi? Nionyeshe.
Je, ni MBR au GPT, na umejaribu mipangilio yote miwili?
Je, afya ya diski inasomekaje?
Je, nakala iko wapi? Ifungue niione.

Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kumpata mteja anayejua anachotaka. Anayekasirika kwa maswali hayo, mshukuru kwa muda wake, chukua diski yako, uifunge kwa kitambaa laini, na uondoke nayo.

Tuonane mwezi ujao.